ULIZA TUKUJIBU: Mashirika ya disleksia yalikuaje, na kikundi chenu kianzie wapi

Toleo lililopita tuliandika kipande kifupi tu kuhusu disleksia, ile hali ya mtu mwenye akili zake timamu kabisa kupata shida kubwa kwenye kusoma na kuandika, na tangu hapo meseji hazijakatika. Wengi mnauliza dalili, hizo ntazijibu toleo lijalo. Mwezi huu nimechagua wale waliouliza kuhusu kusaidiana, yani vikundi na mashirika, sababu naona hapo ndo bado tuko nyuma sana. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyatoa.

Swali kutoka Leicester, Uingereza

*Asalaam aleikum dada. Mwanangu ana miaka 9, shule hapa wamesema ana disleksia. Kwenye shughuli zetu nimekutana na kina mama wengine wenye watoto wa hivohivo, kuna wa Mombasa, wa Unguja, wa Congo, wote tunaongea Kiswahili. Nataka tuanzishe kikundi ila mume wangu anasema mashirika makubwa yapo tayari na yana mapesa, sisi kina mama wa wasap tutafanya nini. Hayo makubwa yalianzaje?*

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mwambie shemeji, kwa heshima zote, kwamba hayo makubwa yalianza hivohivo, na wazazi waliokutana sebuleni na kugundua kwamba watoto wao wana shida moja.

Ngoja nikupe historia maana ni tamu na inakuhusu moja kwa moja. Uingereza miaka ya 1960 mtoto wa namna hii alikuwa hana pa kwenda, shule ikimuona mvivu, daktari akimuona mzima, mzazi anabaki katikati. Mwaka 1962 kikafunguliwa kituo kimoja London, Word Blind Centre, chini ya shirika la hisani lililokuwa linasaidia watoto wagonjwa, kazi yake kupima watoto, kuwafundisha na kufanya utafiti. Kituo kilikuwa kimoja tu nchi nzima na wazazi walitoka mbali. Kilichotokea ni kwamba wale wazazi wakishasikia kwa mara ya kwanza kwamba mtoto sio mjinga, wakirudi makwao hawakukaa kimya, wakaanza vyama vidogo vidogo vya mji mmoja mmoja. Kule Bath kulikuwa na mama anaitwa Marion Welchman, ana mtoto mwenye disleksia, huyu alizunguka na kuandika barua na kupiga simu mpaka vile vyama vikaungana mwaka 1972 kuwa British Dyslexia Association, ambayo mpaka leo ipo na watu wanaiita BDA tu. Angalia vizuri hapo, hakikuanza chama cha taifa alafu kikafungua matawi, matawi ndo yalianza na yenyewe yakazaa chama cha taifa. Hili mimi naliona ni la msingi kuliko yote ntakayoandika leo, sababu kwetu tunapenda kuanza na jina kubwa, mwenyekiti, katibu na mhuri, wakati mtoto wa jirani bado hajasaidiwa hata saa moja.

Na huo mwaka 1972 usidhani ulikuwa wa neema. Miaka miwili nyuma, 1970, ilipita sheria ya watu wagonjwa wa muda mrefu na wenye ulemavu ambayo ndani yake disleksia kali ilitajwa, watu wakashangilia. Alafu 1972 kamati iliyoundwa na serikali, chini ya Profesa Tizard, ikaandika kwamba hilo neno bora lisitumike, iwe tu "matatizo mahususi ya kusoma". Mwaka huohuo Word Blind Centre nayo ikafungwa. Yani pesa na serikali vyote viligeuza mgongo kwa wakati mmoja, na ndo mwaka huohuo wazazi wakaunganisha vyama vyao, na kule Staines karibu na London Wendy Fisher na wenzake wakaanzisha Dyslexia Institute ya kufundisha watoto na walimu, na mwaka mmoja kabla Helen Arkell, mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa na disleksia, alishafungua kituo chake. Profesa Tim Miles kule Bangor, Wales, na mkewe Elaine wakawa wanapima na kufundisha watoto huku wanaandika wanachokiona, kwahiyo wazazi wakiambiwa haya ni mambo ya kufikirika walikuwa na mtu wa chuo kikuu wa kusimama naye.

Serikali ilichukua miaka 15 mingine kutamka bungeni kwamba inaitambua disleksia, ilikuwa 1987. Mwaka 2000 House of Lords, ambayo wakati huo ndo ilikuwa mahakama ya juu kabisa, ikaamua kwamba mtaalamu wa elimu aliyeajiriwa na halmashauri akizembea asigundue disleksia ya mtoto, halmashauri inaweza kudaiwa fidia. Leo Equality Act ya 2010 inamlinda mwenye disleksia akikidhi vigezo vya ulemavu, shuleni na kazini. Hayo yote yalisukumwa na watu waliokuwa wanarudi na fomu zilezile mwaka baada ya mwaka, na wengi wao watoto wao walishakua wakati sheria inapita.

Sasa nyie. Mnachoweza kufanya ambacho BDA hawawezi ni kuongea na mama aliyetoka Bukavu au Kisauni kwa lugha yake. Barua ya shule ikija na maneno ya SENCO (mwalimu anayesimamia watoto wenye mahitaji maalumu) na EHCP (mpango rasmi wa msaada wa mtoto) mtu anaogopa, anafikiri mtoto anafukuzwa au anapelekwa shule ya walemavu, anasaini asichokielewa au anakataa msaada ambao ungemfaa. Kaeni na mama wa hivyo, someni nae barua, nendeni nae kwenye kikao. Na mumwambie mambo mawili ambayo wengi hawaambiwi. La kwanza, England shule haitakiwi kusubiri cheti cha disleksia ndo ianze kumsaidia mtoto, inatakiwa ianze kwa kuangalia mahitaji yake, kwahiyo asikimbilie kukopa mamia ya pauni za kumpima binafsi kabla hajaongea na shule. La pili, mtoto anayeongea lugha mbili apimwe na mtu anayeulizia hiyo lugha ya nyumbani, maana kuna watoto wanaachwa miaka kwa kuambiwa "ni Kingereza tu, kitakaa sawa", na wapo wengine wanaopewa jina la disleksia wakati kweli ni Kingereza tu.

Kuhusu karatasi, msijitese mapema. Andikeni katiba fupi, fungueni akaunti ya benki ya sahihi za watu wawili wasiokuwa ndugu, na kama mtakaa na watoto bila wazazi wao basi ulizeni habari za DBS, yani ukaguzi wa kama mtu ana rekodi ya makosa ya jinai, na sera ya kulinda watoto kabla ya siku ya kwanza. Kusajili kwa Charity Commission, msajili wa mashirika ya hisani, kunakuwa lazima mapato yakizidi pauni 5,000 kwa mwaka, au mkichagua muundo wa CIO, yani shirika la hisani linalosimama kisheria lenyewe. Alafu watafuteni BDA wenyewe wawape jina la chama cha mitaa kilicho karibu, mwende kama wenzao na sio kama wapinzani.

Swali kutoka Morogoro

*Mimi mwalimu wa darasa la tatu. Nina mtoto anajua vitu vingi sana ukimuuliza kwa mdomo lakini kusoma anasoma silabi moja moja, anamaliza wenzake wameshatoka mapumziko. Wenzangu wanasema disleksia ni ya Kingereza, Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa so haiwezi kuwepo. Na je hayo mashirika yanatusaidia nini sisi wa huku?*

Mwalimu wangu, hongera kwa kumuona huyo mtoto, wengi hawamuoni. Ipo kwenye Kiswahili pia, ila inavaa nguo nyingine. Kiswahili ba ni ba leo na kesho, kwahiyo mtoto akishajua sauti za herufi hakosei sana, tatizo lake linajificha kwenye kasi. Anasoma sawasawa lakini polepole mno, anachoka, na akifika mwisho wa sentensi kashasahau mwanzo wake. Maneno yenye mbw, nyw, ng' yanamkwama, na maneno yetu marefu kama "hawakutuambia" yanamvunja moyo kabisa. Kwenye imla anaacha herufi. Mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza, wakakuta Waitaliano wanasoma vizuri zaidi kwasababu tahajia yao ni nyoofu kama yetu, lakini kwenye majaribio ya sauti za maneno na kwenye picha za ubongo wote walionesha tatizo lilelile. Na mwaka 2003 Seymour na wenzake walipima watoto wa lugha nyingi za Ulaya mwisho wa darasa la kwanza, wa Kifini na Kitaliano walikuwa wanasoma maneno kwa usahihi zaidi ya asilimia 90, wa Kingereza kama thuluthi moja tu. Ndo maana disleksia ilionekana kwa Waingereza mapema na ikapata mashirika mapema, na ndo maana kwetu wengi wanapenya mpaka la saba kwa jasho alafu wanaanguka kidato cha kwanza, siku masomo karibu yote yanapogeuka Kingereza, watu wanasema kaharibika tabia.

Pia usikubali mtu akwambie ni macho. Baadhi ya walioiandikia hii hali mwanzoni walikuwa madaktari wa macho, Rudolf Berlin wa Stuttgart aliipa jina mwaka 1887 na Hinshelwood wa Glasgow akaiandikia kitabu, kwahiyo wazo la macho likaganda. Leo inajulikana kwamba kwa wengi ni tatizo la jinsi ubongo unavyozishika sauti za lugha. Miwani ya rangi na karatasi za rangi zinauzwa sana, ushahidi wake ni dhaifu, hela hiyo nunua vitabu.

Darasani fanya haya uone: anza na sauti kabla ya herufi, apige makofi silabi, aondoe sauti ya kwanza kwenye neno aseme kinachobaki, aandike kwenye mchanga huku anatamka. Kidogo kila siku, dakika kumi, kuliko saa nzima Ijumaa. Usimsimamishe asome mbele ya darasa kitu asichokizoea, mpe aya siku moja kabla akaijaribu nyumbani. Na mtihani wako wa darasani msomee maswali, ajibu kwa mdomo, utashangaa anachokijua. Njia hii ya kusikia, kuona na kugusa kwa pamoja sio ngeni, Marekani ilianza kujengwa na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, na Orton alipofariki 1948 wenzake na mkewe June wakaanzisha Orton Society mwaka uliofuata. Kilikuwa kikundi kidogo cha madaktari na walimu wanaopeana ujuzi, 1997 ndo kikachukua jina la International Dyslexia Association, karibu miaka 50 baadae. Wanatoa makala za bure kwenye intaneti ambazo mwalimu anaweza kuzitumia.

Kuhusu nini kifanyike huko, mimi sioni haja ya kusubiri shirika kutoka nje. Mna vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) tayari, mna jumuiya zenu za kujifunza hapo shuleni. Omba kikao kimoja kiwe cha huyu mtoto, bila jina lake, uwaoneshe walimu daftari lake na uwasimulie anavyojibu kwa mdomo. Walimu wengine watano watakumbuka wa kwao hapohapo, na wakifuatilia pamoja muhula mzima tayari mna kitu cha kumpelekea afisa elimu kata.

Swali kutoka Tanga

*Sisi wazee tulisoma bila hayo madisleksia, asiyejua alichapwa akajua. Hamuoni hii ni shida ya matajiri wa Ulaya wanaotafutia watoto wao sababu?*

Shikamoo mzee wangu. Nakuomba uwakumbuke wale mliokaa nao dawati moja wakachapwa na wasijue, wakaacha shule darasa la nne, mkasema hawana kichwa. Walikuwepo. Wengine leo ni mafundi ambao hakuna injini inayowashinda na bado risiti anaandikiwa na mtoto.

Mwaka 1896 daktari mmoja wa mji mdogo wa Seaford, Uingereza, anaitwa Pringle Morgan, aliandika kwenye jarida la madaktari kuhusu kijana wa miaka 14 anaitwa Percy. Alipewa walimu tangu ana miaka 7 na kusoma hakukuwezekana, jina lake mwenyewe aliliandika "Precy" na asione kosa, lakini alizidisha 749 kwa 867 haraka na akapata. Mwalimu wake alisema angekuwa kijana mwerevu kuliko wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Percy hakukosa ada, hakukosa walimu na naamini fimbo hakukosa.

Ila mzee hapo kwenye utajiri umegusa pabaya na kweli. Hayo mashirika kwa miaka mingi yaliwafikia zaidi watu wenye uwezo, sababu wao ndo walikuwa na pesa ya kupima, muda wa kuandika barua na Kingereza cha kubishana na mwalimu mkuu, na watu wakaanza kuibeza disleksia kwamba ni jina la watoto wa tabaka la kati. Hiyo kasoro ipo mpaka leo na mimi inaniuma, maana disleksia haichagui kipato wala akili, ripoti ya serikali yao ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Jim Rose ilisema wazi kwamba inakuta watu wa viwango vyote vya akili. BDA wenyewe wanakadiria mtu 1 kati ya 10. Kama ni hivyo basi shule ya kata yenye watoto 600 ina kama 60, na hakuna mzazi hapo anayeweza kulipia vipimo. Kinachokuwa cha kitajiri ni cheti, shida yenyewe imejaa kwa maskini.

Jackie Stewart, dereva wa Scotland aliyechukua ubingwa wa dunia wa mbio za magari mara tatu, aliacha shule na miaka 15 akijiona mjinga, na alijua ana disleksia akiwa ameshapita miaka 40, mtoto wake alipopimwa. Huyu ndo rais wa Dyslexia Scotland. Alikuwa na pesa na jina kubwa dunia nzima, na bado amesema mara nyingi jinsi shule ilivyomuumiza.

Swali kutoka Nairobi

*Sisi ni kikundi cha wazazi, tuna miaka michache, tunakutana Jumamosi na watoto na volontia wawili walimu. Sasa kuna mfadhili anataka kutupatia pesa tufungue senta kubwa, na jina lake liwe kwa ukuta. Wenzangu wamefurahi, mimi nasitasita. Unaonaje?*

Naona uko sawa kusitasita, na ntakwambia kwanini kwa kisa cha kweli.

Ile Dyslexia Institute niliyomwambia dada wa Leicester ilikua sana. Ilikuwa na vituo sehemu nyingi za Uingereza, watoto wanalipa ada, wasio na uwezo wanatafutiwa msaada, walimu wanasomeshwa kozi. Ikaungana na kituo kingine cha Hornsby, 2006 ikabadili jina kuwa Dyslexia Action. Kwa nje ilikuwa ndo taasisi ya mfano. Aprili 2017 ikaishiwa, ikakabidhiwa kwa wafilisi, familia zikakuta masomo ya watoto wao yamekatika katikati ya mwaka na walimu hawana kazi. Unajua kilichobaki ni nini? Kozi za walimu. Kampuni nyingine ilinunua upande wa mafunzo na mpaka leo walimu wanasoma kwa jina hilohilo la Dyslexia Action, lakini vile vituo havipo. Na walimu waliofundishwa tangu miaka ya 70 walikuwa wameshatawanyika kwenye shule za kawaida, ujuzi wao hakuna mfilisi anayeweza kuuchukua.

Kwahiyo ushauri wangu kaka, pesa ipokeeni ila jadilianeni itumikeje. Jengo lina kodi, stima, askari, choo cha kurekebisha, na hayo yatawafuata kila mwezi hata mfadhili akishaondoka, na mfadhili anayependa ukuta mara nyingi hapendi bili ya stima. Mtoto wa Githurai hawezi kupanda matatu mbili kila Jumamosi kuja senta Westlands, lakini mwalimu wake wa pale Githurai akifundishwa atamsaidia yeye na kila mwenzake atakaekuja baada yake. Mwandikieni mfadhili bajeti ya miaka mitatu: ada ya kozi kwa walimu kadhaa wa shule za umma, posho ya hao volontia wawili maana wakichoka mmekwisha, vitabu na kadi za herufi, nauli za wazazi wasio na uwezo, na mtu mmoja wa kulipwa nusu siku kushika simu na hesabu. Jina lake mnaweza kuliweka kwenye huo mpango wa walimu, kila cheti kinachotoka. Akikataa kabisa akasema ni jengo au basi, mimi ningesema basi.

Na msianze kama vile hakuna aliyewatangulia. Ipo Dyslexia Organisation Kenya, ipo shule ya Rare Gem Talent kule Kitengela inayochukua watoto hawa. Nendeni mkae nao siku nzima, waulizeni waziwazi pesa inatoka wapi na ni mwezi gani ilikuwa ngumu zaidi. Kuendesha shule ya watoto hawa tu ni kazi ya kuheshimu sana, lakini wao watawaeleza vizuri kuliko mimi inagharimu nini.

Usajili pia uangalieni upya. Kama bado ni kikundi cha jamii, kuna sheria ya usajili wa vikundi ya 2022, mnapita ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkitaka kupokea pesa kubwa na kufanya kazi kaunti nyingi basi ni ile PBO Act, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, ilipitishwa 2013 ila imeanza kutumika Mei 2024, kwahiyo ushauri wowote mliopewa kabla ya hapo rudini mkaulize tena. Kabla hamjasaini chochote na huyo mfadhili mpelekeeni wakili asome kipengele cha nani anamiliki hilo jengo na ardhi siku mkataba ukiisha.